Mpangaji

Uzeeni moyo wangu ulijifunza ulevi.
Saa tisa usiku uliamka peke yake,
ukagonga mbavu kama mtu aliyesahau funguo,
ukaenda mia na arobaini, mara ukanyamaza,
na mimi Gudveig, miaka thelathini na nane
nyuma ya kaunta ya posta ya Vadsø,
niliyejua uzito wa barua kwa kuishika tu,
nililala nikihesabu, nikikosea, nikianza upya.

Ndipo ukaja wewe.
Mweupe, mviringo, una mfuo katikati
kwa ajili ya siku za nusu.
Daktari Tharani, ambaye wazazi wake walitoka Jaffna
na yeye akazaliwa hukuhuku kwenye baridi,
aongeaye lahaja yetu kuliko mwanangu,
alisema: Atautuliza. Lakini ana mambo yake.
Nikacheka. Nani hana mambo yake?

Nikakupangisha.

Na ahadi ulitimiza, sikusingizii.
Wiki ya tatu moyo ukashika adabu,
ukatembea kama mtoto aliyeshikwa mkono.
Nikapanda ngazi bila kusimama.
Nikafua mapazia yote.

Kisha Juni.
Kwetu Juni jua halitui.
Linazunguka nyumba likitafuta mlango,
saa sita usiku limo jikoni, linakagua sahani.
Niliketi dirishani na kahawa yangu, kioo kimefungwa,
nikidhani kioo ni ukuta.
Kufikia jioni pua na mikono vilikuwa vimeiva,
ngozi yawaka kama niliyeinamia tanuri.
Sasa navaa kofia pana na glavu za pamba
katikati ya kiangazi,
na watoto wa jirani wananiita mrina asali.

Ukaendelea kupaka kuta rangi bila ruhusa.
Mashavuni rangi ya risasi, ya wingu lenye theluji.
Oddny alinitazama mwangani akanyamaza,
na Oddny si mtu wa kunyamaza.
Taa za barabarani zikaota pete.
Tezi ya shingo ikasinzia; nikalala na soksi mbili,
nikasahau jina la paka.
(Ruska. Limerudi.)
Hata balungi, nusu yangu ya kila Jumapili
tangu Arvid alipokuwa hai,
nikaambiwa nisiliguse:
ukilionja, wewe ndani yangu unakuwa wengi.

Mfukuze, akasema Oddny.

Nikakufukuza. Sikumwambia mtu.
Siku ya kwanza, ya pili, ya tisa: shwari.
Moyo ulitembea vilevile.
Nikajiona mjanja, nikapiga mluzi nikiosha vyombo.

Tharani hakucheka. Alivuta kiti karibu.
Hajaondoka, alisema. Yumo kwenye mafuta ya mwili wako,
kwenye ini, kwenye mapafu.
Ukimfungia mlango leo,
Novemba atakuwa bado anatafuta viatu vyake.
Na siku atakapotoka kweli,
yule mlevi wako atajua kabla yako.
Ukitaka aende, tumtoe pamoja.
Au tumpunguze.

Basi tuna mkataba.
Nusu yako kila asubuhi, pamoja na mkate.
Damu kila miezi sita, kwa ajili ya ini na tezi.
Picha ya kifua. Macho kwa mtu wa macho.
Kikohozi kikavu, pumzi fupi:
simu siku hiyohiyo, si Jumatatu.
Nimeyaandika kwa herufi kubwa za posta,
nikabandika kwenye jokofu,
kama anwani nisiyotaka ipotee.

Usiku wa jana nilikohoa.
Mara moja.
Nikaketi ukingoni mwa kitanda, jua likinipima magotini,
Ruska akiwa ameinua kichwa.
Labda vumbi. Labda wewe.
Nikavuta pazia, nikaweka simu pajani,
nikangoja kama la pili litakuja.