Sharti la Nne

Mwaka ule tulipokea maandiko mia nne na kumi na mawili.
Tuliyasomea mjini Jos, juu ya duka la mshona mashela,
baridi ya Desemba ikipenya chini ya mlango,
jenereta ikikohoa, ikizima, ikibembelezwa.
Kachollom alitufundisha kupanga mafungu matatu:
la ndiyo, la hapana,
na la ngoja-kwanza, refu kuliko yote;
paka alilala juu yake.

Jarida letu lilikuwa na kurasa sitini na nne,
deni kwa mpiga chapa,
na tuzo ya waandishi chipukizi:
naira laki mbili, tukizipata.

Andiko la mia tatu na saba lilikuja kwenye daftari la shule,
mwandiko umelala upande kama nyasi baada ya mvua.
Asabe Bityong, Kafanchan.
Mwanamke anauza tiketi
za treni isiyokuja tena.
Kila asubuhi anafungua kidirisha,
anapanga chenji,
anamwambia asiyekuwepo: safari njema, mshike mtoto mkono.
Nilisoma mpaka jenereta ikazima,
nikamalizia kwa tochi ya simu,
wala sikuona haya kulia mbele ya paka.

Chini kabisa, kama anayetaja bei:
"Umri wangu miaka sitini na mmoja."

Dakta Terseer akakunjua karatasi ya masharti.
Sharti la nne: asizidi miaka thelathini na mitano.
"Chipukizi," akasema, "ni chipukizi."
Nikamuuliza, hujapata kuona kisiki
kilichokatwa, kikasahauliwa, kikakaliwa na wapita njia,
kisha ikanyesha mvua moja tu?
Akasema, hayo mashairi. Mimi nasoma sheria.
Tukapiga kura.
Mimi na Kachollom, wawili. Wao watatu.

Tuzo ikaenda kwa kijana wa Bamenda.
Hadithi yake ilikuwa nzuri, simsingizii.
Bi Asabe tukamweka ukurasa wa hamsini na nane,
jina tukalikosea herufi moja.
Nikampelekea nakala mbili kwa basi, na barua ya kuomba radhi
niliyoiandika mara sita
na bado ikanuka unafiki.

Jarida likafa mwaka uliofuata,
kifo cha kawaida: karatasi ilipanda bei.
Jenereta tulimuuzia mshona mashela.
Paka alirithi chumba.

Juzi fundi kanipigia: una bahasha yako hapa,
ilikuwa chini ya masanduku ya shanga, sijui tangu lini.
Daftari tena. Mwandiko uleule, umesimama kidogo.
Hakuna umri. Hakuna salamu.
Juu ya ukurasa wa kwanza, mstari mmoja:
"Ile ya kwanza nilikuwa najaribu kalamu."

Nimesimama ngazini, sina jarida, sina tuzo,
cherehani inalia chini yangu,
nasoma.