Tisini na Tisa

Barua ya kamati ya maadili ilifika Jumatatu,
mstari mmoja tu ndio uliokuwa na meno:
ukusanyaji wa data ana kwa ana umesitishwa.
Nilikuwa nimeshachapa madodoso mia na ishirini
pale Digo Road, kwa pesa ya kodi ya nyumba.
Yakalala Changamwe chini ya kitanda changu,
yakanywa chumvi ya hewa hadi kingo zikajikunja.

Mwaka wa tatu wa kusomea ubingwa wa maradhi ya akili.
Mwadzombo walimpeleka wodi ya pumzi,
na katika darasa la takwimu
akawa mraba mweusi kwenye skrini,
herufi za jina lake, kipaza sauti kimezimwa.
Hatukuuliza. Tulidhani mtandao.

Profesa Ombati alitufundisha kutoka Nairobi,
sauti yake ikitafunwa njiani:
"Tofauti kati ya sifuri na... ni kwamba...
mkisahau yote, hilo msisahau."
Tuliandika: hilo tusisahau.

Basi nikapiga simu.
Wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa hamu ya kufanya mambo yako?
"Mambo gani, daktari?" akasema muuza vitunguu wa Kongowea.
"Soko si wamelifunga?"
Nikatafuta kisanduku cha soko lililofungwa.

Kamwe ni sifuri. Siku chache ni moja.
Karibu kila siku, tatu.
Jibu lisipopatikana, andika tisini na tisa.

Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani: tisini na tisa.
Aliyenitukana akidhani ni tapeli wa gerezani: tisini na tisa.
Aliyelia tu, nami nikamngoja
mpaka salio likaisha,
nikakimbia dukani kwa barakoa iliyopinda
na kurudi nikakuta simu yake imezimwa:
tisini na tisa,
tisini na tisa,
mkono ukazoea.

Mshiriki wa arubaini na saba
(jina lake ni amana, sina ruhusa ya kulitaja)
alikuwa Kibokoni, ndani ya vizuizi vya polisi.
Nikamsomea swali la sonona.
"Neno hilo silijui, mwanangu."
Nikamfasiria: moyo kuumwa.
"Moyo hauniumi. Umehama,
umeniwatia nyumba."

Nikauliza tena nilivyofunzwa, bila kubadilisha sauti:
kamwe, siku chache, au karibu kila siku?
"Aliyehama hahesabiwi siku."

Mumewe walimzika watu waliovaa nailoni,
saa nne usiku, kafyu ikiwa barabarani,
naye akayasikiliza maziko yale kwa simu.
"Simu hii hii," akasema, "hapa nilipokuweka wewe."

Kwa nyuma nikasikia kitu kikigongana,
kidogo, kikavu, hakikosei.
Ni nini hicho, mama?
"Nahesabu. Tisini na tisa.
Nikifika mwisho naanza tena."

Kisha akaniuliza: "Na wewe, walala?"
Mwongozo, ukurasa wa tisa: mhoji hajibu maswali ya mhojiwa.
Nikamjibu.
Siku chache, nilimwambia.
Akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekamata mwongo.

Jumla ya waliojibu yote: arubaini na mmoja.
Profesa akaandika pembeni kwa wino mwekundu
(picha ya ukurasa, imepigwa upande upande):
Futa 99 zote, ndipo uchambue.
Nikafuta. Jedwali likapumua.
Waliobaki wamekuwa aya moja,
"Mapungufu ya Utafiti," ukurasa wa sitini na mbili,
na nimefuzu.

Lakini kabla ya kufuta nilinakili.
Faili halina kichwa wala tarehe.
Usiku mwingine, zamu ikiwa kimya,
nalifungua,
napitisha kidole safu kwa safu,
polepole, moja baada ya moja,
nikifika mwisho