Jiwe la Mwisho, Kirichwa

Kamusi imekupa jina la kuazima mara mbili:
kuvu, na wewe si kuvu,
mwani, na bahari hujaiona.
Kuvumwani. Kama mtoto aliyeitwa kwa majina ya majirani
kwa kuwa babaye alikuwa safarini.

Nilikujua kwa brashi ya waya.
Bwana Muthengi alinikabidhi, na ndoo, na klorini ya unga.
"Mawe yawe meupe kufikia Ijumaa.
Mgeni akiteleza, nitaulizwa mimi."
Nikapiga magoti kijitoni, maji hayafiki kifundo.
Juu, Nairobi inanguruma kwenda kazini;
huku chini ya daraja saa nne bado ni alfajiri.

Majani membamba kuliko kope,
kila jani limeshika tone lake, halimpi mwenzake.
Na vile vijiti vyekundu, vimesimama wima,
kila kimoja na kikofia.
Miwani niliiacha nyumbani. Nilikusoma kwa kidole.

Huna mzizi. Jiwe hulinyonyi, unalishika tu,
kama mpangaji asiyepigilia msumari ukutani.
Unakunywa kwa ngozi nzima,
basi tunachomwaga huko juu,
povu la kufulia, mafuta ya gereji,
na mengine nisiyataje, ni asubuhi,
wewe unakionja kwanza.

Nilisugua. Nisidanganye: siku tatu nilisugua,
mkono ukanuka ubichi hadi kwenye ugali.
Kodi ya nyumba hailipwi kwa huruma.

Ila jiwe la mwisho, upande wa kivuli,
pasipofika mguu wa mgeni,
nililipita kana kwamba silioni.

Februari kijito kikakatika.
Ukawa rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa,
ukucha ukigusa, unavunjika.
Nikasema, basi.
Nikakumwagia masalio ya chupa yangu,
si kwa imani,
maji yenyewe yalikuwa yamepata vuguvugu.
Nikainama kufunga kamba ya kiatu.
Fundo moja. La pili.
Nilipoinua macho ulikuwa umefumbuka,
kijani kibichi, kama mtu aliyesinzia kikaoni
akaitwa jina, akajibu: "Nipo, nilikuwa nasikiliza."

Sasa Bwana Muthengi anauliza
mbona siku hizi nabeba chupa mbili
na zote zinarudi tupu.

Jua, nimemwambia.
Jua la mwaka huu ni kali.