Laini ya Tatu

Tangu Machi, simu za matawi sita
huangukia hapa Padova, ghorofa ya pili,
kwenye meza yangu yenye vitufe vya nukta nundu.
Anayepiga Rovigo hunipata mimi.
Anayepiga Udine hunipata mimi.
Wa Trento, ambaye pampu yake imechelewa wiki tatu,
hunitukana mimi, tena kwa lafudhi ya milimani,
nami humshika mkono nikamvusha hadi kwa fundi
kama mlevi barabarani.

Husemwa masikio hayapiti kichwa.
Yangu yalipita siku nyingi.
Najua mlango wa Udine haufungi sawasawa.
Najua Tiziano wa Rovigo hula tufaha saa nne,
na Chioggia, dirisha likiwa wazi, shakwe
hugombana juu ya hesabu za watu.

Mkurugenzi alinipa amri moja:
"Taja tawi, Armida, usitaje Padova.
Mteja ajione yuko kwao."
Basi asubuhi moja ya Desemba mtu wa Belluno akaniuliza,
"Theluji imeanza hapo mjini? Nifunge minyororo magurudumuni?"
Kwangu kulikuwa na ukungu tu, unanuka mfereji.
Nikamwachia muziki, nikapiga bohari kule juu,
Loris akafungua dirisha bila kuuliza,
nikausikia: ule ukimya wa pamba
unaomeza hata honi ya lori.
Nikarudi. "Ndiyo, bwana, imeanza. Funga."
Sikudanganya.
Niliazima dirisha.

Lakini kuna simu ya laini ya tatu.
Kila siku, saa tatu na dakika nane.
"Tawi la Belluno, habari za asubuhi."
Kimya. Pumzi. Nyuma ya pumzi, saa ya ukutani:
tak, tak, na ya tatu inachechemea.
Kisha simu inawekwa chini taratibu,
kwa mkono uliozoea kuweka simu.

Saa ile naijua. Niliichangia euro kumi.
Ni zawadi ya kumuaga Nives Dal Pont,
opereta wa Belluno miaka ishirini na miwili,
asiyeona kama mimi, na wakampa saa ya kutazama!
Laini zilipokusanywa, kiti kimoja kilitosha.
Kilikuwa changu. Sikukiomba.
Sikukikataa pia.

Siku ya kumi na moja nikashindwa kunyamaza naye:
"Nikuunganishe na nani?"
Saa ikachechemea mara nne.
"Belluno ina L mbili," akasema. "Moja unaimeza."
Akakata.

Nimejifunza. Nyumbani, nikimenya viazi,
Bel-lu-no, Bel-lu-no,
ulimi unaegemea kidogo mlangoni
kabla ya kuingia.

Jana akapiga mzee De Bona, mwenye mizinga ya nyuki.
Pampu hana, shida hana, hupiga tu.
Nikataja tawi. Akashusha pumzi ndefu:
"Nives! Ulikuwa umepotelea wapi, binti?"

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha bohari.
Mashine ilikwisha kunisomea ile namba mara nyingi,
kwa sauti yake isiyo na mama:
sifuri, nne, tatu, saba, na zile nyingine.
Namba ya nje. Hairuhusiwi.
"Subiri kidogo, bwana De Bona."
Nikaipiga.

Dakika arobaini laini ya tatu haikupumua.
Kila aliyekuja nyuma yake nilimwambia kweli:
"Belluno inaongea."