Futi Kamba

Walinichagua kwa kura mia mbili na kumi na moja,
mwenzangu akapata mia mbili na nne.
Saba tu. Nazijua zote saba kwa majina,
na leo nimezipitia mlango kwa mlango
pamoja na mthamini wa Jiji na futi kamba yake.

Anaitwa Eliaranya. Viatu vyake vilikuwa vyeusi
tulipoanzia kule relini, Mkonze.
Kufikia saa nne vilikuwa vyekundu kama vya sisi wote.
Yeye anapima, mimi nabisha hodi.
Kumbe ndiyo kazi niliyoiombea kura:
kubisha hodi kwa niaba ya serikali
kwa watu wanaoijua sauti yangu.

Mbukwenyi!
Mbukwa, mwenyekiti. Na huyo nani?

Mama Nyemo hakutukaribisha ndani.
"LUKU inanikata kila mwezi,
na nyumba yenyewe nimepanga.
Nalipia ukuta nisioruhusiwa kuupiga hata msumari.
Sasa mnapima nini tena?"
Eliaranya akaandika: vyumba vinne, bati, sakafu ya saruji.
La msumari hakuliandika.
Fomu haina mahali pake.

Kwa Mazoya kuna msingi.
Mwaka wa kumi na moja huu, msingi tu,
mbigili zimetambaa sebule nzima.
Akatutembeza, mkono nyuma, kama mwenye kasri:
"Hapa jiko. Hapa wageni.
Kijana, angalia kizingiti usijikwae."
Kizingiti hakuna.
Eliaranya akanyanyua mguu, akakivuka.
Tangu hapo nikampenda.

Chilongani ndiye aliyetoa mbuzi wa kampeni yangu.
Akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji:
"Ile ya nyuma ni stoo, mwenyekiti. Si ndiyo?"
Stoo yenye mapazia.
Stoo iliyoanikiwa soksi za wanachuo sita.
Nikamwona yule mbuzi, pembe moja fupi,
nikakumbuka mchuzi wake, na mimi niliongezwa mara mbili.
"Andika vyumba," nikasema.
Hapo moja imekwenda. Zimebaki sita.

Upepo wa Julai ukaupigisha utepe mluzi
tulipofika kwa Bibi Yaledi, kwenye tembe.
Paa la udongo, limeota majani,
nguzo zimeng'aa pale zinapoegemewa.
Kijana akazunguka mara moja, akafunga daftari.
"Hii haina thamani," akaniambia taratibu.

"Amesemaje?"
"Amesema hutozwi, bibi."
"Sikuuliza kama natozwa.
Nimeuliza amesemaje."

Nilinyamaza.
Kuku wakapita katikati yetu.
Akaingia ndani, nikajua amekasirika,
akatoka na kibuyu cha maji, akampa yeye kwanza.
"Kunywa. Maji ya humu hayapati joto.
Andika na hilo."
Alikunywa mpaka mwisho. Kuandika, sikumwona akiandika,
ila alisimama kitambo na kiganja ukutani,
kama mtu anayepima homa.
Kura ya bibi sijui ilikwenda wapi.
Sikuihesabu.

Jua lilikuwa limegusa mabati tulipofika kwangu.
"Hapa kwako najaza tu, mwenyekiti," akasema.
"Vyumba vitatu, sivyo? Tumechoka."

Vilikuwa vitatu, mwaka jana.
Nyuma ya minyaa watu walikuwa wamesimama,
Mama Nyemo, Mazoya na mkono wake mgongoni,
hata Chilongani, anachokonoa meno,
hana haraka.

Nikaichukua ile ncha ya bati, yenye sifuri,
nikaibana kwenye kona ya nyumba kwa kidole gumba.
"Vuta," nikamwambia.
Akavuta.
"Usiishie hapo. Vuta, pita jiko,
vuta mpaka choo kipya."