Kwa Muda Tu

Saa nane na robo usiku, ghala la tende, Ibra.
Mizani imegoma. Si mizani yenyewe:
inapima, taa yake ya kijani inawaka,
ila uzito haufiki, umekwama
baina ya katoni na karatasi.
Shaji wa zamu ya ufungaji ananipigia:
"Mhina, mashine yako imelala."
Haijalala. Inahema.

Naandika free -h, nasubiri
kama aliyebisha hodi nyumba yenye msiba:
wamo ndani, wanasikia,
hakuna mwenye mikono mitupu.
Kumbukumbu, giga nne, zimejaa hadi ukingoni.
Na mstari wa chini yake
giga mbili ambazo mimi sikuziweka,
nazo zimejaa.

swapon --show

Faili. Si kipande cha diski kilichopimwa
kikapewa mipaka yake; faili tu,
limejilaza kwenye mzizi, /swapfile,
pale kizingitini ninapoliruka kila siku
nikikimbilia vyumba vya ndani.
Miaka tisa.

Humo kiini hupeleka kurasa
zisizoguswa siku nyingi, ili wengine wapate pa kukaa.
Hazipotei. Ila ukiziita
zinakuja kwa mwendo wa mgonjwa,
kama jina la yule mshona magunia wa Pangani
nililolitafuta juzi tangu magharibi,
likanijia alfajiri, mswaki mdomoni.
Sengenge. Aliitwa Sengenge.

Nafungua fstab. Mstari wa mwisho,
na juu yake, Kiswahili, katika mashine hii ya Ibra:

# kwa muda tu, nitaliondoa. Mbarouk

Tarehe ya faili: Machi, miaka kumi na mmoja nyuma.
Sikumkuta. Nilirithi kiti chake
na kikombe kisicho na mkono.
Wapo wasemao alihamia Sohar, wapo wasemao Doha.
Bi Ghaniya wa malipo anasema hakuaga,
na hilo ndilo analomshikia.

Mimi nilimwambia Riziki: miaka miwili,
nikimaliza paa.
Paa lilikwisha. Kikaja kisima.
Ikaja ada ya mtoto wa kwanza, na huyo wa pili
ambaye sauti yangu anaijua kwa simu.
Mkataba umehuishwa mara nne.

Basi kazi. Huwezi kulizima faili lililoshiba
na kumbukumbu nayo imeshiba;
waliomo utawarudisha wapi?
Tangulia kujenga lingine.
Kuna diski mpya, ya kasi, niliiomba tangu Ramadhani.
Naandika dd, giga nane za sifuri, sifuri, sifuri.
chmod 600, asichungulie mwingine:
humo hubaki makombo ya kila kitu,
mishahara, nywila, hata barua
niliyoianza nikaifuta.
mkswap. swapon.
Ndipo swapoff kwa lile la zamani.

Dakika kumi na saba.
Kasa ya skrini inapepesa, haisemi kitu.
Nje, mabsili iliyochemshwa jana imeanikwa uwanjani,
joto lake bado linanuka asali iliyoungua,
na upande wa mashamba mtu mwenye tochi
anafungua maji ya falaji, zamu yake imefika,
anaziba kwa jirani kwa udongo na kitambaa.
Nikasikia yakigeuka.

Alama ya dola ikarudi.
rm, na giga mbili za Mbarouk zikaenda
bila hata mlio.
Mizani ikakohoa: lebo hamsini na tatu mfululizo,
kilo tano, kilo tano, kilo nne na nukta tisa,
zote zikiwa na tarehe ya leo
kwa katoni zilizofungwa jana. Shaji anacheka, anatukana Kimalayalam.

Nikaufuta mstari wa zamani, nikaandika mpya,
na juu yake, kwa desturi, maelezo:
# kwa muda
Kidole kikakaa juu ya herufi t.
Nikahifadhi hivyo hivyo,
nikaenda kumsaidia kubandika.