Foske Hapendi Kipaza Sauti

Hakuna aliyemwambia kwamba leo ni mashindano.
Ni buti zangu zilizosema:
siku nyingine zote hunuka samadi,
leo zinang'aa, na Foske ameziona,
ameanza kupiga mateke ukuta wa tela
kabla hatujafika hata daraja la Franeker.

Mume wangu Hielke anaendesha kimya.
Kila teke likipigwa anasema, "Hilo la mlango,"
au, "Hilo la bawaba,"
kama mtu anayehesabu madeni.

Uwanjani upepo unatoka baharini moja kwa moja;
nchi hii haina hata kilima cha kuuuliza unakwenda wapi.
Bendera zinapiga makofi. Turubai la chipsi linavimba.
Kipaza sauti kinakohoa mara mbili, kinatamka jina la mtu,
na Foske, kilo mia tano na themanini za rangi ya shaba,
anasimama kwa miguu miwili
kana kwamba ndiye aliyeitwa.

Nimejaribu mengi.
Nimemziba masikio kwa pamba na kofia ya buluu
aliyoifuma mama mkwe, akinung'unika
kwamba farasi si mtu, lakini baridi ni baridi.
Nimemnyima shayiri siku tatu.
Nimemzungusha kwenye kamba tangu alfajiri ili achoke:
nikachoka mimi.
Yule fundi wa Leeuwarden, yuro tisini kwa saa,
aliniambia nibadilishe lijamu, nitie kali zaidi.
Nikaitia. Tukatoka damu sote wawili,
yeye mdomoni, mimi puani,
maana kichwa chake kilirudi nyuma kama mlango kwenye tufani.
Lijamu ile sasa iko jikoni, imetundikwa taulo.

Mwezi Mei, kule Dokkum, tulitolewa kabla ya kiunzi cha kwanza.
Kengele ililia, yeye akaenda upande,
upande, upande, kama kaa,
mpaka akaifikia meza ya majaji
na kahawa ya mheshimiwa mmoja ikasambaa juu ya alama za watu wote.
Watu walicheka. Nami nilicheka.
Kisha nikaingia ndani ya tela nikalia,
uso wangu kwenye shingo iliyoloa jasho,
naye akitafuna kola yangu taratibu,
mpole kama kondoo, mnafiki mkubwa.

Mwezi Julai nilifanya jambo ambalo Hielke aliliita upuuzi:
nililipa kiingilio, nikabandika namba, sikushindana.
Tulitembea.
Tukapita turubai la chipsi. Tukalipita tena.
Tukasimama chini ya kipaza sauti kama watu wanaongoja basi.
Alipopandwa na mori sikumvuta wala sikumbembeleza;
nilimumunya peremende zangu nyeusi za chumvi
nikimsimulia kwa sauti ya chini bei ya maziwa,
ugomvi wa dada yangu na jirani juu ya ua wa miti,
nani alisema nini, nani akajibu,
mpaka mambo yangu yakamchosha.
Saa tisa na nusu alishusha kichwa.
Akashusha na pumzi, ndefu, yenye kutetemesha midomo,
akala karatasi ya chipsi pamoja na mayonesi yake.

Leo ni Agosti. Kipaza sauti kinakohoa.
"Wytske Hoekema," kinasema.
Masikio ya buluu yanageuka, moja kwangu, moja kwa dunia.
Chini ya mapaja yangu nausikia moto ule ule, haujazimika,
wala sitaki uzimike;
nani atavuka mita moja na kumi amepanda majivu?
Nalegeza hatamu, upana wa kidole.
Namwambia maziwa yamepanda senti mbili.

Tunaingia upande upande,
lakini tunaingia.